Bomba Lililogoma Kushusha Maji

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinisomea vyeo vyangu vyote, kuanzia kile cha chini kabisa hadi cha mwisho, mkanifunga kitenge na kunipa friji. Nawashukuru, friji inafanya kazi. Ila niliporudi nyumbani Mafiga na kuvua viatu, nikakumbuka kwamba katika hotuba zote zile hakuna aliyetaja bomba. Basi nyie vijana mliobaki karakana, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Vyeo mmeshavisikia, mishahara mnaijua kuliko mimi, hivyo nitaviruka. Nataka kuwaeleza kazi yenyewe, maana mpaka leo nikisikia maji yanaingia kwenye bomba lililokuwa tupu siwezi kukaa kwenye kiti.

Siku ya kwanza nilifika karakana nimevaa viatu vya ngozi nilivyovipiga rangi mpaka vikang'aa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mabomba. Msimamizi wa kikosi alikuwa Mzee Mkude, Mluguru wa huko juu milimani, mtu mfupi mwenye sauti ya chini sana. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kazini, mzee."

Akachungulia nyuma yangu, akidhani labda fundi mwenyewe anakuja. Alipoona hakuna mtu akaingia stoo, akatoka na mabuti ya mpira. Yalikuwa makubwa mno. Nikajaza magazeti ya zamani mle ndani na kupanda gari. Viatu vyangu vya ngozi vikabaki kwenye kabati, na sidhani kama niliwahi kuvivaa tena kazini.

Tulikwenda Msamvu. Barabarani, karibu na wanakoteremka abiria wa mikoani, maji yalikuwa yanachuruzika na mama mmoja muuza chai alikuwa anayakinga kwa furaha. Alipotuona alinuna. Kwake yeye ule haukuwa uvujaji, ulikuwa huduma. Mzee Mkude akachukua fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao upande mmoja, akaisimamisha juu ya bomba na kunipa kikombe nikiweke sikioni.

"Sikia."

"Nasikia mabasi, mzee."

"Hayo hata mimi nayasikia. Sikia chini ya mabasi."

Nikafumba macho. Kelele za makondakta, honi, mtu anayeuza korosho, vyote vilikuwamo. Halafu, kwa mbali, chini ya vyote hivyo, nikasikia mlio mwembamba usiokatika. Mwili ulinisisimka. Nikasogeza fimbo hatua chache, mlio ukapungua. Nikarudi, ukaongezeka. Nikasogea upande wa pili, ukawa mkali kabisa. Nikasema, "Hapa." Mzee Mkude akawapa vijana ishara wachimbe, na bomba lilikuwa na tundu pale pale nilipokanyaga. Nilirudi nyumbani jioni nimelowa matope mpaka kiunoni, na mama aliponiuliza kama kazi ni nzuri nilianza kucheka, nikashindwa kuacha.

Miaka iliyofuata nilijifunza kwamba tundu dogo kwenye chuma lina sauti kali, na mpasuko mkubwa una sauti nzito inayomdanganya mgeni akadhani ni salama. Nilijifunza kugonga bomba kwa spana na kujua kama lina maji au ni tupu. Nilijifunza pia subira, hasa kwa wateja. Nilikuwa nikifika kwa mtu na mkoba wangu wa vifaa, ananiangalia na kuniuliza, "Fundi yuko wapi?" Najibu ndiye mimi. "Basi subiri nimwite baba watoto." Baba watoto anakuja, anahangaika na koki mpaka jasho linamtoka, sisi wawili tumesimama pembeni tunamsubiri achoke. Akishachoka naanza kazi. Sikuwahi kuharakisha hatua hiyo, maana nilishaona ni sehemu ya matengenezo.

Mzee Mkude ndiye aliyenipandisha mlimani kwa mara ya kwanza, kwenye chanzo. Kwa wale ambao hamjafika, na mpo wengine humo mnaojificha kwa visingizio vya magoti, chanzo chenyewe ni ukuta wa saruji uliozuia kijito katikati ya msitu, wenye chujio la kukamata majani. Chini yake kuna tangi ambamo maji hutulia na kutiwa dawa. Kutoka hapo bomba la chuma linateremka lenyewe bila mashine, linavuka makorongo, linapanda vilima na kushuka, linapita kwenye migomba na maharage ya watu, mpaka kwenye tangi kubwa la mjini upande wa juu wa Kilakala. Hilo tangi ndilo linalolisha hospitali na mitaa ya jirani.

Tuliteremka kwa miguu tukilifuata bomba lote. Kila nyumba tuliyopita Mzee Mkude alisimama. Alisalimia, aliulizia mgonjwa, alipokea kipande cha muhogo, akaendelea. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Mzee, tutafika saa ngapi kwa mwendo huu?"

"Bomba hili limelala mashambani mwa watu, Salma. Wewe utakuja mara moja kwa mwezi. Wao wanaliona kila siku. Unadhani nani atakuwa wa kwanza kujua limepasuka?"

Katika mzunguko huo ndipo nilipomfahamu Bi Adela. Wakati huo alikuwa bado mama wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya mtu anayelima mteremko. Shamba lake lilikuwa juu ya kilima ambacho bomba hupanda kabla ya kuanza kuteremka kuelekea mjini. Baada ya Mzee Mkude kustaafu na kurudi kwao, niliendelea na ile tabia yake ya kusimama kila nyumba, na kwa Bi Adela nilikuwa nakaa zaidi kwa sababu alikuwa mcheshi na magimbi yake yalikuwa laini. Miaka ikaenda, yeye akawa bibi, mimi nikaanza kuvaa miwani.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, kile ambacho baadhi yenu mlikuwepo na bado mnakisimulia vibaya.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mvua ilinyesha milimani mfululizo, na asubuhi moja mlinzi wa tangi la mjini, Bwana Shabani, akapiga simu kwamba maji hayaingii. Hayajapungua, hayaingii kabisa. Nilipanda na kikosi changu pamoja na Injinia Neema, binti aliyekuwa amehamia kwetu muda mfupi tu, msomi wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye maswali mengi. Nilimpenda kwa maswali yake. Watu wengi wakishapata cheti huacha kuuliza.

Tulikuta maji ya korongo yamebeba bomba. Pale lilipokuwa likivuka juu ya nguzo, nguzo moja ilikuwa imeanguka na vipande vya chuma vilikuwa vimepindana chini kwenye mawe kama nyaya. Maji meupe ya povu yalikuwa yanapita juu yake. Neema akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Salma, gari linaweza kufika wapi?"

"Pale tulipoliacha."

Maana yake ni kwamba kila bomba jipya lingepandishwa kwa mabega. Tulikuwa wachache mno. Huko mjini hospitali ilikuwa inapelekewa maji kwa boza, na boza halitoshi hospitali, hasa wodi ya wazazi na vyumba vya upasuaji. Wanafunzi wa bweni wa Kilakala walikuwa wanapanga foleni na ndoo. Simu za ofisini hazikuacha kulia.

Nikaenda kwa Bi Adela. Sikumwomba chochote kikubwa, nilimweleza tu hali ilivyo. Akanisikiliza, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya pili kiunoni. "Nisubiri hapo," akasema. Akaenda nyumba hadi nyumba. Kesho yake asubuhi, mabomba yaliposhushwa kwenye gari, watu walikuwa wameshajaa barabarani: wanaume na miti ya kubebea, wanawake na kata za kuwekea mizigo kichwani, na mwalimu mmoja aliyekuja na filimbi ya michezo ili kupanga mwendo. Filimbi ikilia, bomba linanyanyuka. Ikilia tena, linatua. Vijana wa mjini, nyie mnaojisifia jimu, mliona wenyewe jinsi wale mabibi walivyowapita na mifuko ya saruji kichwani wakiwa wanaongea habari za harusi.

Nilikuwa na umri wa kustahili kukaa kivulini na kutoa amri, lakini siku zile hakuna aliyeweza kuniweka kivulini. Tulimwaga zege la nguzo mpya, tukaunga vipande, tukakaza nati mpaka mikono ikafa ganzi. Nilifurahi kuliko kawaida. Najua si vizuri kusema hivyo wakati mji mzima una kiu, lakini nasema ukweli. Kila mtu alikuwa anajua kwa nini yupo pale.

Kazi ilipokamilika tulifungua valvu ya chanzo polepole, kama ninavyowafundisha kila siku na kama msivyofanya. Nikaweka mkono juu ya bomba pale korongoni. Likaanza kupoa, halafu likatetemeka. Maji yamevuka! Watu wakapiga vigelegele, mwalimu akapuliza filimbi. Nikampigia Bwana Shabani. "Yanakuja. Kaa karibu na tangi."

Tukangoja. Nikampigia tena. "Vipi?"

"Lilikohoa kidogo, Dada Salma. Sasa limenyamaza."

Tukangoja zaidi. Likaendelea kunyamaza. Halafu kijana wetu aliyebaki chanzoni akashuka anahema. "Tangi la juu linafurika," akasema. "Maji yanamwagika nje. Bomba linayakataa."

Ile furaha yote ikaisha pale pale. Watu walikuwa wamekaa chini kwa uchovu, wananiangalia mimi. Mmoja wa mafundi wangu akasema lazima kuna gogo au mawe yameingia ndani, tuanze kulikata bomba kipande kwa kipande mpaka tulipate. Ilikuwa hoja ya maana, lakini ingetuchukua siku nyingi, na kila sehemu unayokata lazima uiunge tena.

Neema alikuwa amechuchumaa kando, anachora kwa kijiti kwenye udongo. Alikuwa amepima kimo cha njia nzima kwa simu yake siku tulizokuwa tunabeba. "Dada Salma, njoo uone," akasema. "Bomba lilivyovunjika lilikauka lote. Sasa tunalijaza upya. Hewa iliyokuwemo inakwenda wapi? Inapanda. Inakaa kwenye nundu. Kuna nundu mbili tu: mwamba mkubwa ambao bomba linaupanda huko juu, na kilima cha yule bibi."

Nikaangalia mchoro wake na damu ikaanza kunichemka tena. Valvu za hewa! Kila nundu inatakiwa kuwa na valvu ndogo juu ya bomba ya kuiachia hewa itoke. Ile ya kwenye mwamba niliijua, ilikuwa nje peupe. Tulipoifungua ilitema maji safi, ikimaanisha kwamba hapo hapana shida. Ya pili sikuwahi kuiona katika miaka yangu yote ya kazi. Bomba lilikuwa halijawahi kukauka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuihitaji.

Nikachukua fimbo yangu na spana, tukapanda kilimani kwa Bi Adela. Upande wa chini wa shamba lake, yanakoingilia maji kutoka chanzoni, bomba lilikuwa nje kidogo ya ardhi. Nikaligonga: sauti nzito, limejaa. Tukazunguka kilima hadi upande wa pili, linakotokeza tena. Nikaligonga: likalia kama sufuria tupu. Neema akanishika mkono kwa nguvu. Wote wawili tulijua. Hewa ilikuwa kati ya sehemu hizo mbili, chini ya migomba.

Lakini katikati pale bomba lilikuwa limezikwa na udongo uliokuwa umeporomoka miaka mingi nyuma. Kuchimba shamba zima kwenye mteremko ule, tena wakati wa mvua, kungemaliza migomba na kuuachia udongo uende mtoni.

Bi Adela alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha. Alikuwa amebeba saruji tangu asubuhi.

"Mmemaliza, mbona hamwondoki?" akauliza.

"Maji yamegoma, bibi. Yamekwama hapa kwako." Nikamweleza habari ya hewa. "Tunatafuta kitu cha chuma, kimezikwa juu ya bomba. Hujawahi kukiona?"

Bi Adela akaanza kukwangua matope kwenye kidole cha mguu, na hapo nikajua kwamba anajua.

"Bibi?"

"Salma, wewe nakufahamu," akasema. "Ila nikikuonyesha hicho kitu, kesho watakuja wengine na nguzo za saruji. Kwa mdogo wangu kule chini walikuja wapimaji. Wakasimika nguzo, wakamwambia kuanzia hapa si kwako tena, ni eneo la maji. Hili shamba ni la lukolo, la ukoo wa mama yangu. Yeye alinipa mimi, na mimi nitampa binti yangu. Likiondoka mikononi mwangu nitamweleza nini?"

Ningeweza kumwambia hakuna atakayekuja, lakini nilijua ofisi zinavyofanya kazi.

Neema akakaa chini kwenye ngazi ya baraza, akawa chini ya Bi Adela kidogo. "Bibi, taarifa ya kazi hii nitaiandika mimi. Nitaandika valvu iko wapi, siwezi kuficha. Nitaandika pia kwamba nyie ndio mliobeba mabomba, na kwamba shamba lako ndilo linaloshikilia udongo wa hiki kilima. Kuhusu nguzo, uamuzi si wangu. Sitaki kukudanganya."

Bi Adela akamgeukia. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wazazi wangu wako Bukoba, bibi."

"Mbali." Akageuka kwangu. "Na migomba yangu?"

"Tutakayoing'oa tutaipanda wenyewe, kwa mikono yetu," nikasema. "Ukiona hata mmoja umekauka, nipigie simu mimi."

Akatazama chini mjini. Kutoka barazani kwake unaona mabati yote mpaka upande wa reli. "Binti yangu yuko wodini huko," akasema. "Amejifungua kwa upasuaji. Jana kanipigia, ananiambia mtoto anaogeshwa kwa maji ya kikombe." Akasimama, akajishika kiuno. "Haya. Leteni majembe. Ila mimi ndiye nitakayesema mchimbe wapi."

Alitembea moja kwa moja hadi kwenye shina moja la mgomba, mnene kuliko yote, akaligonga kwa kisigino. "Jembe langu lilikuwa linagonga chuma hapa kila mwaka. Ndiyo maana nikapanda mgomba, nisiendelee kulipinda jembe."

Tulichimba kama watu waliochanganyikiwa. Nilisukumwa pembeni mara mbili na vijana wangu na mara zote nilirudi. Kwanza likaonekana tofali, halafu kifuniko cha chuma, na chini ya kifuniko tope lililokauka. Neema akaingiza mkono mzima, akakwangua. "Ipo!" akapiga kelele. "Dada Salma, ipo!"

Nati ilikuwa imeshikwa na kutu. Tukaimwagia dizeli, tukaingoja inywe, nikaweka spana. Haikusogea. Nikaigonga kidogo kidogo kuizunguka, nikaweka spana tena, na Neema akaweka mikono yake juu ya yangu. Tukavuta. Ikalia mlio mmoja mkavu, na ikageuka.

Jamani, ule upepo! Ulitoka kwa filimbi kali kuliko ya mwalimu. Majani ya migomba yakapepea juu, kuku wa Bi Adela wakakimbilia jikoni, mwanamke mmoja akaanza kukimbia akamwacha mtoto wake akarudi kumchukua huku akicheka. Hewa ilitoka, ikatoka, ikatoka. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, nimeshika spana, nacheka kama siku ile ya kwanza ya kazi. Halafu mlio ukabadilika. Ukawa mzito. Ukakohoa. Ukatema matone mekundu ya kutu, na ghafla maji yakaruka juu yakamlowesha Injinia Neema kuanzia nywele alizozisuka juzi yake mpaka viatuni. Alifungua mdomo kupiga kelele, akayameza.

Nikaifunga ile valvu. Kila mtu akawa anapiga makofi, ila mimi nikawaonyesha ishara wanyamaze, nikampigia Bwana Shabani.

"Kuna nini huko?"

"Bado, Dada Salma. Kimya tu. Ngoja... Ngoja kwanza. Linakohoa!"

"Linakohoaje?"

Hakujibu. Nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa ameisogeza kwenye mdomo wa bomba. Nikaweka simu kwenye spika, na watu wote waliokuwa kwenye lile shamba, wenye saruji kwenye nywele na tope magotini, wakasikia maji yanaanguka ndani ya tangi tupu huko chini mjini. Mwalimu alivua kofia.

Migomba tuliipanda kesho yake, kama tulivyoahidi. Neema aliandika taarifa yake bila kuficha, na kulikuwa na vikao virefu baada ya hapo, vingine nilihudhuria na vingine nilijialika. Wapimaji walikuja mlimani kweli, lakini safari hii walikaa na watu wa kitongoji kwanza. Wakakubaliana kwamba kingo za kijito zitapandwa majani na miti, na kwamba mashamba ya juu yatabaki kwa wenyewe, alimradi wanalima kwa matuta ya kushika udongo. Nguzo ya saruji haikufika kwa Bi Adela.

Nilipompelekea habari hiyo nilitegemea atafurahi. Alifurahi, akanipa magimbi. Kisha akasema, "Sasa niulize na mimi. Hili bomba linapita hapa tangu sijaota matiti. Maji yenu yanapita chini ya miguu yangu mchana na usiku. Mimi nachota wapi?"

"Mtoni, bibi."

"Mtoni. Nikiwa na goti hili."

Vijana, nimekula pale miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na sikuwahi kuliona jambo hilo. Nilishuka mlima nikilifikiria njia nzima. Asubuhi yake nikaingia kwa meneja kabla hajakaa vizuri.

Meneja alikuwa mtu wa haki, lakini mwoga wa mifano. "Salma, tukiwapa hao, kila kitongoji kwenye njia ya bomba kitataka."

"Ndiyo, kitataka."

"Halafu itakuwaje?"

"Halafu watakuwa na maji. Na siku bomba likipasuka tena, hatutaanza kutafuta watu wa kubeba. Watakuja wenyewe kubeba, kwa sababu litakuwa bomba lao."

Akazungusha kalamu. Neema, ambaye sikumwita, akaingia na karatasi ya mahesabu ya presha. Juu kilimani haifai, akaeleza, presha ni ndogo, lakini chini kidogo, kwenye njia panda ya kwenda kanisani, kioski cha kuchotea maji kinaweza kusimama na mjini wasipungukiwe kitu. Meneja akatuangalia sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mmepanga hii?" akauliza. Hatukuwa tumepanga. Nilitamani tungekuwa tumepanga.

Ilichukua muda, kama vitu vyetu vyote. Kamati ya kitongoji ikaundwa, mtaro ukachimbwa na watu wenyewe, na kioski chenye koki mbili kikasimama njia panda miezi michache kabla sijastaafu. Siku ya kuzindua walikuja viongozi na viti vya plastiki. Hotuba zilikuwa nyingi. Utepe ukakatwa, na mgeni wa heshima akafungua koki kwa tahadhari, akiogopa kulowesha suti.

Wakasema wa kwanza kunywa awe Bi Adela. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili, amekuja na kikombe chake mwenyewe cha bati pamoja na ndoo. Akakinga, akainua kikombe akakitazama kwenye jua, akanywa taratibu mpaka mwisho. Kamera ya ofisi yetu imemwelekea usoni. Mimi na Neema tumeshikana mikono kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Yananuka dawa," akasema. "Ya mtoni ni matamu zaidi."

Mgeni wa heshima hakujua acheke au aombe radhi. Bi Adela akamsogeza taratibu kwa kiwiko, akaweka ndoo chini ya koki, akaifungulia mpaka mwisho. Ndoo ilipojaa akamwita binti yake, aliyekuwa nyuma amembeba mtoto mgongoni.

"Lete na nyingine," akamwambia. "Mtoto hajaoga."